Milango Mitatu ya Mzee Kizito

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Belyse aliwasomea akina mama ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa ofisi ya mtaa wao, kando ya mto Mulongwe, hatua chache kutoka bombani. Hapo ndipo yalipobandikwa matangazo yote: siku za soko, amri za askari, saa za kutotembea, na orodha ya waliofariki, iliyoongezewa majina kila wiki. Ilikuwa mwaka 1999, vita vilikuwa vimeingia mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya pili, na karatasi zilikuwa nyingi. Akina mama wengi hawakujua kusoma, au walisema hawajui, maana habari mbaya huwa nafuu kidogo ukisomewa na mtoto. Belyse alikuwa na miaka kumi na miwili, alisoma vizuri, na tuseme ukweli, alipenda kusikilizwa.

Jumatano moja ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaziba hata paa za nyumba za jirani. Belyse aliweka ndoo yake kwenye foleni, akasogea karibu na ukuta ili aone, akaanza kusoma orodha ya waliofariki kama alivyozoea, haraka haraka, bila kufikiri.

"Kumi na tano, Ndihokubwayo Mathias. Kumi na sita, Nkeshimana Joseph. Kumi na saba, Nizigama Frédéric. Kumi na nane..."

Alikuwa ameshasoma jina la kumi na nane ndipo akaelewa alichokisema. Nizigama Frédéric alikuwa baba yake.

Akina mama hawakulia. Waliweka ndoo zao chini, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama. Bomba liliendelea kumwaga maji na hakuna aliyekumbuka kulifunga. Chini ya orodha palikuwa na saini tatu na mihuri mitatu: ya shefu wa mtaa, ya ofisa wa etasivili anayeandika waliozaliwa na waliokufa, na ya ofisa wa afya.

Belyse alikimbia nyumbani. Mama yake, Claudette, alikuwa anapepeta unga wa muhogo, na alipoambiwa habari ile alicheka. Akaingia ndani akatoa barua iliyoletwa Jumapili na mwanamke mchuuzi kutoka Katogota, kule uwandani, ambako baba alikwenda kulima. Baba aliandika kwamba yu mzima, kwamba ameuza baiskeli ili anunue mbegu, na kwamba Jumamosi atarudi kwa miguu pamoja na watu wa soko. Sasa, maiti gani huuza baiskeli?

Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Jumamosi baba angepita kwenye daraja la Mulongwe, na pale darajani askari walikuwa na nakala ya orodha ileile ya ukutani. Mwezi uliopita mtu mmoja alikutwa na kitambulisho chenye jina la marehemu, wakasema ni mpelelezi. Walimpeleka nyuma ya ghala ili wamuulize maswali, na mpaka siku ile ilisemekana bado anaulizwa. Zilikuwa zimebaki siku tatu kulifuta jina la baba, la sivyo angefika darajani na kukamatwa kwa kosa la kuwa hai.

Hapa lazima nieleze habari za Mzee Kizito. Alikuwa shefu wa mtaa ule kwa miaka kumi na moja, na alikuwa mtu mwema, tena mwenye mzaha. Ofisi ilikuwa na milango mitatu kwenye baraza moja. Mlango wa kwanza ulikuwa wake. Wa pili ulikuwa wa rafiki yake Thaddée, ofisa wa etasivili, na wa tatu wa rafiki yake Sévère, ofisa wa afya. Vita vilipoingia, Thaddée alipanda boti usiku akavuka ziwa, hajulikani alikofika. Sévère aliuawa na risasi iliyopotea, akiwa anaoga. Wakubwa wakamwambia Kizito ashike mihuri yao kwa siku chache tu, mpaka watu wengine wapatikane. Siku chache zikawa mwaka.

Mwanzoni watu waliona ni jambo la kuchekesha, mtu mmoja kuwa na kazi tatu na mshahara usiokuja hata wa kazi moja. Baadaye hawakucheka tena. Kizito alianza kuvaa miwani ya Thaddée kila alipoingia mlango wa pili. Alianza kuvaa koti jeupe la Sévère kila alipoingia wa tatu, na humo ndani alikohoa kikohozi cha Sévère, kile kikavu, mara tatu kisha kimya. Watoto walikatazana kupita pale saa za mchana mkali, wakati baraza limekuwa tupu na sauti tatu zinasikika zikijibizana ndani.

Mchana ule Claudette na Belyse walikwenda. Kwenye mlango wa kwanza Mzee Kizito aliwapokea vizuri na kuwapa pole. Claudette alimwambia kwamba mume wake yu hai.

"Minye naletaka majina tu, Mama Belyse," akasema kwa upole. "Kuandika mu kitabu iko kazi ya etasivili. Mwende mulango wa pili."

Walikwenda mlango wa pili, wakakuta meza na kiti kitupu. Mara wakasikia hatua barazani. Kizito aliingia, akawapita bila kuwasalimu, akakaa, akavaa miwani. Alipoinua uso, Belyse aliona kwamba macho yale hayakuwajua.

"Weye ni nani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Claudette akaeleza upya, tangu mwanzo. Akajibiwa kwamba kitabu hufuata hati ya ofisa wa afya, basi waende kwa ofisa wa afya. Kwenye mlango wa tatu walikisikia kikohozi kabla ya kumwona mtu. Ofisa wa afya, yaani Kizito katika koti jeupe, aliwaambia kwamba yeye aliandika hati ya kifo kwa sababu shefu alileta taarifa: watu walishambuliwa barabarani, na baiskeli ya Nizigama ilionekana imelala pale. Claudette akasema baiskeli iliuzwa, akatoa barua. Koti jeupe likaisoma barua likasema haina tarehe, huenda iliandikwa kabla ya kifo. Claudette akasema mchuuzi aliyeileta anarudi Ijumaa kutoka Makobola alikokwenda kuuza, yeye alimwona Nizigama kwa macho yake. Akajibiwa kwamba mashahidi hawasikilizwi tena baada ya saini tatu, na kama ana malalamiko, ayapeleke kwa shefu.

Wakarudi mlango wa kwanza. Mzee Kizito alikuwa ameshafika, amekaa, anawangoja kwa huruma ileile.

"Mama Belyse, nasikitika sana," akasema. "Lakini saini iko tatu. Muntu mumoja anaweza kukosea. Watatu hawawezi."

Alisema hivyo bila hila yoyote. Alikuwa anaamini, na hilo ndilo lililomtisha Belyse kuliko miwani na kikohozi.

Waliporudi nyumbani walikuta moto umewashwa uani na mikeka imetandikwa. Katika mtaa ule vita vilikuwa vimezaa desturi mpya. Jina likishabandikwa, watu hawangoji maiti, kwa sababu maiti nyingi haziji. Huja na kuni, huja na unga, hukaa matanga siku nne, kisha maisha yanaendelea. Claudette aliwaambia wageni kwamba hakuna msiba. Walimtikisia kichwa kwa upendo, na bibi mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisha wakaanza kuimba taratibu nyimbo za kanisani.

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi mtu alikuwa ameifunika kwa kitambaa picha ya baba iliyokuwa ukutani. Shuleni Mwalimu Antoine aliwasimamisha wanafunzi wote, wakamwombea marehemu, na Belyse akasimama nao maana hakujua afanye nini. Jioni mama yake alipakua sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaitazama, akasema, "Baba yako alipenda hii mboga." Alipenda. Belyse alimtazama mama yake usoni, akaona kwamba hata yeye ameanza kuchoka kubishana na watu wengi hivyo.

Usingizi haukuja upesi. Alijaribu kukumbuka jinsi baba anavyocheka, akakosa. Alikumbuka meno yake na mabega yakitikisika, lakini sauti haikuja. Aliogopa sana. Aliona kama karatasi ile inamuua baba yake polepole, kidogo kila siku, na kwamba mpaka Jumamosi atakuwa amekwisha, hata kama anatembea barabarani na mfuko wake kichwani.

Ijumaa mchana mvua ilinyesha na barabara ikawa tupu. Belyse alitoka shule akaenda kusimama kwenye ukingo wa baraza la ofisi. Alimsikia Mzee Kizito akizungumza ndani ya mlango wa kwanza, kisha akatoka, akaingia wa pili, na sauti nyembamba ikamjibu. Alikuwa amesikia hayo mara nyingi. Lakini siku ile aliwaza jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyeliwaza: kila mara Kizito anapofika kwenye mlango, kiti huwa kitupu, kinamngoja. Je, kama hakitakuwa kitupu?

Aliingia mlango wa tatu. Koti jeupe lilining'inia msumarini, likicheza kidogo kwa upepo wa mvua. Watoto walisema anayekalia kiti cha Sévère atakohoa mpaka afe. Belyse alikitazama kiti kile, akakumbuka daraja, akakaa. Mbao zilikuwa baridi. Juu ya meza palikuwa na hati za kifo zilizochapwa, zile zinazoanza na maswali.

Akasikia kiti kikisogezwa chumba cha pili. Akasikia hatua. Mzee Kizito aliingia, mkono wake tayari umenyooshwa kuelekea msumarini, akamwona, akasimama.

"Toka pale. Hii kiti iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi, Mzee?" Belyse aliuliza.

Mkono wa Kizito ulibaki hewani, haukulifikia koti. Belyse akafanya kitu pekee alichokijua vizuri. Akachukua hati akaisoma kwa sauti, kama alivyosoma ukuta.

"Jina la marehemu."

"Nizigama Frédéric," Kizito akajibu polepole, kwa mazoea ya mtu wa ofisi.

"Nani aliona maiti?"

Mvua ilipiga mabati. "Shefu alileta taarifa," Kizito akasema.

"Shefu ni weye, Mzee. Uliiona?"

"Apana. Sikuiona."

"Nani aliizika?"

"Hakuna muntu."

"Basi nani alikuambia baba yangu amekufa?"

"Niliambiwa baiskeli imeonekana," akasema Kizito. Akalisikia neno lake mwenyewe. Alijaribu kukohoa, kile kikohozi kikavu, na hakikutoka. Akatafuta pa kukaa. Kiti cha ofisa kilikuwa na mtu, kwa hiyo akakaa kwenye benchi la wananchi, lile ambalo hakuwahi kulikalia, akaweka mikono magotini. Alionekana mzee sana.

"Sévère angeuliza vile," akasema. "Ule muntu alikuwa anauliza hata kuku imekufa na nini. Tulikuwa tunagombana juu ya maswali yake. Na Thaddée alikuwa anakataa kuandika mpaka mashahidi wawili wasimame mbele yake. Nilikuwa naona wananichelewesha."

Mlangoni palisimama mwanamke mwenye kikapu cha ndagala, wale samaki wadogo wakavu, kilichofunikwa kwa nailoni. Alikuwa Bernardine, mjane wa Sévère. Kila siku aliuza samaki wake upande wa pili wa barabara, mahali pasipo na wateja, na hakuna aliyejua kwa nini alipachagua.

"Mwaka muzima nasikia bwana yangu anakohoa mu hii nyumba," alisema. "Najua kama iko weye, Kizito. Lakini nilikuwa nakuja kusikiliza tu. Leo ameacha, ndiyo maana nimevuka barabara."

Aliingia, akalitoa koti msumarini, akalikunja taratibu, akalishika kifuani. Kizito alilia bila kujificha. Belyse alitamani kutoka lakini aliogopa kukiacha kile kiti kitupu.

Bernardine hakumkaripia yule mzee. Alimwambia kwamba alimsaidia mume wake kuandika hati kwa miaka minane, anayajua maswali yote kwa moyo, na kwamba mshika mawili moja humponyoka, sembuse matatu. Akautaka muhuri wa afya. Kizito akampa. Kisha mzee akamtuma Belyse kumwita Mwalimu Antoine, naye akapewa kitabu cha etasivili na muhuri wa Thaddée, mpaka mwenyewe atakaporudi au wakubwa watakapoleta mwingine.

Msidhani mambo yalikwenda haraka. Mwalimu Antoine, ambaye jana yake alimwombea marehemu mbele ya darasa zima, sasa hakutaka kulifuta jina hivi hivi tu. Alimwita Claudette, akasoma barua, akaagiza mchuuzi atafutwe. Mchuuzi alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka Makobola, nguo zimelowa. Aliapa kwamba baiskeli ilionekana barabarani Alhamisi ya wiki iliyopita, na yeye alimwona Nizigama Jumamosi yake, akipanda mahindi na kulalamika juu ya mgongo wake. Bernardine alimuuliza alivaa nini, alisema nini, alisimama wapi. Baada ya hapo ndipo Antoine alipopiga mstari juu ya jina la kumi na saba. Kila mmoja akaweka saini kwa mkono wake kwenye karatasi ya masahihisho, na Mzee Kizito mwenyewe akaipeleka karatasi darajani katika mvua.

Jumamosi asubuhi wote walikuwa darajani. Watu wa soko walianza kuvuka mmoja mmoja. Belyse alimwona baba yake kabla hajaonwa naye: amekonda, amevaa kandambili, mfuko kichwani. Askari akachukua kitambulisho chake, akapitisha kidole juu ya orodha, na kidole kikasimama. Claudette alimshika binti yake bega mpaka likauma.

"Huyu iko mu orodha," askari akasema. Akaifunua karatasi ya pili, akaitazama kwa muda mrefu. "Hizi saini ni za nani? Kila siku tunaletewa karatasi ya saini tatu, zote mukono mumoja."

Mzee Kizito alisogea mbele. "Ya kwanza iko yangu. Ya pili iko ya huyu mwalimu. Ya tatu iko ya huyu mama. Tuko hapa, utuulize."

Askari aliwatazama, mzee, mwalimu na muuza samaki, wote wamelowa umande. Aliuliza kila mmoja swali lake, na kila mmoja akajibu kwa maneno yake. Kisha akamrudishia Nizigama kitambulisho na kumwambia apite.

Nyumbani mikeka ilikuwa bado imetandikwa. Nizigama aliingia uani, akaona moto, akaona sufuria kubwa za jirani, akavua kofia kwa heshima na kuuliza nani amekufa. Belyse akaanza kucheka, mama yake akafuata, na baba, ambaye hakuelewa chochote, akacheka nao mpaka mabega yakatikisika. Bibi mmoja alikimbilia nyuma ya jiko akifanya ishara ya msalaba.

Walipotulia, Mzee Kizito aliomba kusema. Alisimama katikati ya uwanja mbele ya watu wake wote, na watoto wakiwa wamekaa mbele.

"Munisikilize, na nyinyi watoto musikilize zaidi," alisema. "Wazee wetu hawakuweka milango tatu juu ya kupamba nyumba. Walitaka watu watatu, ili mumoja akikosea, mwingine amuulize. Minye nilijiuliza, nikajijibu, nikajiamini. Sikuiba kitu, sikuchukia muntu, na bado nilikaribia kumuua huyu baba. Ukipewa kazi ya watu wengine, usiseme una nguvu. Tafuta muntu wa kukuuliza. Na akikuuliza, hata akiwa mutoto, usimfukuze."

Kwenye mkeka wa mwisho alikaa mama mmoja aliyeitwa Félicité. Jina la mwanawe lilikuwa la tisa kwenye orodha ileile, na matanga yake yalikwisha tangu mwezi uliopita. Nywele alizonyoa kwa ajili ya msiba zilikuwa zimeanza kuota. Aliinuka taratibu, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya Bernardine.

"Na wangu," akauliza, "nani alimuona?"

Bernardine alimtazama Kizito, na Kizito akatikisa kichwa kwamba hakumwona. Mwalimu Antoine akafungua kitabu magotini mwake, na Belyse akakimbia kuleta kalamu.